Pikapu Iliyolala Kizuizini

"Sheria inasema muda wa kizuizi ukiisha, gari litoke," Mkuu wa kituo alisema, akizungusha kalamu vidoleni kama mtu anayetaka kikao kiishe kabla chai haijapoa. "Mwenye gari aliendesha ovyo, gari likakamatwa, likakaa yadi mpaka muda wake ukatimia. Adhabu imekwisha. Mchana huu anakwenda kuichukua pikapu yake, na mimi sina kifungu cha kumzuia. Wewe unacho?"

Inspekta, mwanamke wa makamo, alifungua daftari lake. Wenzake walimwita Kupe. Zamani walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, siku hizi hata mbele yake, kwa sababu akishang'ata jambo halimponyoki.

"Shahidi aliona mabomba, Mkuu."

"Shahidi ni fundi viatu. Alikuwa ameinamia kiatu."

"Aliinua kichwa alipomsikia mama wa watu akipiga yowe. Akaona pikapu nyeupe, ina keria ya chuma juu, na mabomba ya plastiki yamepita nje ya keria yananing'inia. Mtu gani anapeleka mikate madukani na mabomba ya maji juu ya gari?"

Mkuu alishusha pumzi. Neno hilo alikuwa amelisikia tangu Jumamosi, na leo ilikuwa Jumatano.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo mama mmoja, mfagia barabara, aligongwa akiwa kazini, ufagio mkononi. Gari halikusimama. Mpaka leo mama yule alikuwa amelala hospitali, hajafumbua macho. Jioni yake polisi walimkamata dereva wa mikate: pikapu yake ni nyeupe, ina keria, na kila asubuhi hupita barabara ile ile. Ilitosha. Kesho angepandishwa kizimbani.

Inspekta alikuwa ametafuta mji mzima pikapu nyingine ya namna hiyo inayobeba mabomba. Akaipata moja tu, ya mkandarasi wa maji. Balaa ni kwamba siku ya ajali pikapu hiyo ilikuwa kizuizini, yadi ya polisi, nyuma ya ukuta na geti la chuma. Nani ana kinga nzuri kuliko hiyo? Mtu anaulizwa gari lako lilikuwa wapi, naye anajibu, "Lilikuwa kwenu."

"Nipe mpaka mchana," Inspekta alisema.

"Mpaka mchana. Halafu uniache na kesi yangu."

Kwenye korido, mke wa dereva wa mikate alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni, chupa ya uji miguuni. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Afande, kuna habari?"

"Bado, mdogo wangu. Umekula?"

"Nitakula akitoka."

"Kula sasa. Anayenyonyesha hagomi kula." Inspekta akapita, na hatua zake zikaongezeka mwendo.

*

Yadi ilikuwa kiwanja kipana kilichozungushiwa ukuta, na ndani yake magari yamepangwa mistari kama wagonjwa wodini. Yote yalikuwa yameinama upande mmoja, mbele kushoto, kana kwamba yamekubaliana kusikiliza kitu kilicho ardhini.

Konstebo aliyefuatana na Inspekta, kijana wa kimo kirefu ambaye kituoni walimwita Mrefu, alicheka. "Afande, haya magari yana nini? Yote yanachechemea."

"Hayachechemei, yamefungwa miguu," sauti ikasema nyuma yao. Alikuwa msimamizi wa yadi, mwanamke mnene wa haraka haraka, rundo la funguo likigonga kiunoni kila anapokanyaga. Watu wote walimwita Mama Yadi. "Hapa kwangu gari likiingia limeingia. Halitoki hata kwa dua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama," Inspekta alisema. "Nifundishe. Unayafungaje miguu?"

Mama Yadi alipenda swali hilo. Aliwapeleka kwenye gari la kwanza, akainama, akagusa tairi lililolala.

"Wenye magari wana funguo za akiba majumbani. Zamani walikuwa wanakuja kimya kimya wakati wa chakula, wanawasha, wanaondoka. Nikasema, subirini. Sasa gari likishaingia natoa upepo tairi la mbele kushoto, na ile sindano ya ndani ya valvu naing'oa kabisa. Naifunga kwa uzi kwenye ufunguo wake, natundika ofisini. Muda ukiisha, mwenye gari namkabidhi ufunguo na sindano yake. Anaifunga mwenyewe, anajaza upepo mwenyewe. Mimi si fundi wa tairi."

"Sindano gani hiyo?" Mrefu akauliza.

"Kazi kwelikweli! Una leseni wewe? Kile kidude chembamba ndani ya valvu kinachozuia upepo usirudi. Kikitoka, pampu mpaka kiama. Upepo unaingia huku, unatokea huku huku."

"Na ya pikapu ya Mkandarasi?"

"Njoo uone."

Ofisini, kwenye ubao wa misumari, ufunguo wa pikapu ulikuwa unaning'inia mahali pake. Sindano ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu, fundo dogo lililokazwa.

"Fundo hili ni lako?"

"Langu. Nilifunga mwenyewe siku ilipoingia, na halijafunguliwa. Namjua mtoto wangu nikimwona."

Mrefu alimtazama Inspekta kwa huruma. Walipotoka nje akanong'ona, "Afande, kesi imekufa. Sindano iko ubaoni, gari lingetokaje?"

"Kesi haifi mpaka ioze. Twende tukaione."

Pikapu ilikuwa mstari wa nyuma, karibu na ukuta. Vumbi limejaa juu ya boneti. Mrefu alipitisha kidole, akakionyesha kilivyobadilika rangi.

"Ona. Halijaguswa."

"Geukia lile pale," Inspekta alisema, akimwonyesha teksi ya jirani. "Liliingia juzi, mama ameniambia. Lina vumbi hilo hilo. Kiwanja hiki kinampaka vumbi kila mtu kwa siku moja. Hata wewe, angalia viatu vyako."

Mrefu akaangalia viatu vyake, akavipangusa.

Inspekta alichuchumaa kwenye tairi la mbele kushoto. Lilikuwa limelala chapati, kama wenzake. Akavaa glavu, akafungua kifuniko cha valvu taratibu, akachungulia. Kisha akakaa hivyo, bila kusogea, mpaka Mrefu akaingiwa na wasiwasi.

"Afande?"

"Nenda kwenye teksi ile. Fungua kifuniko, uniambie unaona nini."

Mrefu akaenda, akainama. "Tundu tupu."

"Gari linalofuata?"

"Tupu."

"Na linalofuata?"

"Yote matupu, afande. Kama alivyosema mama."

"Sasa njoo uchungulie hapa."

Mrefu alipiga magoti. Ndani ya valvu ya pikapu, katikati kabisa, palikuwa na ncha ndogo ya shaba, mpya, inang'aa.

"Hee! Hii si sindano?"

"Punguza sauti. Na ile ya ubaoni ni nini?"

"Sindano."

"Tairi moja lina sindano ngapi?"

Mrefu akafikiri kana kwamba swali lina mtego. "Moja tu."

"Basi ya pili ilitoka nje ya ukuta huu. Kuna mtu alikuja na yake, ya dukani, akaifunga, akapampu, akawasha kwa ufunguo wa akiba, akaondoka. Aliporudi alitaka gari lionekane kama alivyolikuta. Akabonyeza valvu kwa msumari, tairi likalala. Kwa macho liko sawa na wenzake. Ila kuing'oa ile yake hakukumbuka."

"Tumkamate!"

"Tumkamate nani? Sindano haina jina. Mkandarasi atasema ni watu wa yadi. Watu wa yadi watasema ni fundi fulani aliyepita. Wakili wake atatucheka mpaka tulie." Inspekta alipiga picha kwa simu, akarudisha kifuniko, akakung'uta magoti. "Na kuichunguza kwa kesi ya Jumamosi siruhusiwi. Ilikamatwa kwa kuendesha ovyo, na hilo limekwisha. Nikilala chini yake sasa na kupekua, chochote nitakachokipata korti itakitupa."

"Basi tufanyeje?"

"Tumwache aje kuchukua mali yake."

*

Mlinzi wa geti alikuwa amekaa kivulini anatafuna karanga. Alisimama, akapiga saluti ambayo hakuna aliyemwomba.

"Jumamosi asubuhi zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu, afande. Mama Jumamosi haji."

"Hakuna gari lililotoka?"

"Hapa hatoki hata paka."

Inspekta alitazama suruali yake. Pindo lilikuwa na madoa ya kijivu yaliyokauka na kuwa magumu.

"Unajenga?"

"Ah, tofali moja moja, afande. Kibanda cha kujihifadhi na familia."

"Hongera. Kujenga si mchezo. Saruji unapata wapi?"

"Dukani tu," mlinzi alisema, lakini macho yake, kabla hajayashika, yalikimbilia mstari wa nyuma. Karanga moja ikamwanguka. Hakuiokota.

Inspekta alimshukuru, akamwendea Mama Yadi ofisini. "Mwenye pikapu akija, mkabidhi kama unavyomkabidhi mtu mwingine yeyote. Usiongeze neno, usipunguze."

"Kwani kuna nini?"

"Mama, ukijua utakunja uso, na uso wako hauna siri."

"Hilo hata mume wangu huniambia," Mama Yadi akakiri.

*

Mkandarasi alifika kwa bodaboda, amebeba pampu ndogo ya umeme kwapani. Alikuwa mtu mchangamfu, shati limenyooka, kicheko kiko tayari mdomoni.

"Mama Yadi, mama wa magari yote! Umenitunzia bibi harusi wangu?"

"Yuko pale, kachoka kukusubiri. Saini hapa. Ufunguo huu, na sindano yako hii. Upepo jaza mwenyewe."

"Nimekuja na mashine yangu, sikusumbui." Kisha akamwona Inspekta amesimama kando ya teksi. "Afande! Na wewe umekamatiwa gari?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Hujachoka na ile habari ya yule mama? Masikini. Nimesikia mmeshamkamata mwenyewe. Na gari langu, kama unavyoona, lilikuwa mikononi mwenu."

"Ndivyo ninavyoona. Endelea na kazi, kaka, nisikucheleweshe."

Mkandarasi akaenda kwenye pikapu akipiga mluzi. Akakata uzi mwekundu kwa meno, akaitia sindano kwenye mfuko wa shati. Akafungua boneti, akaunga nyaya za pampu kwenye betri. Akachuchumaa, akafungua kifuniko cha valvu, akabana mpira wa pampu, akawasha.

Pampu ikaanza kunguruma. Mrefu alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta, na pumzi yake ilisikika. Mama Yadi alikuwa mlangoni mwa ofisi, mikono kiunoni. Tairi likatikisika. Likajivuta. Pole pole pikapu ikaanza kuinua bega lake la kushoto, ikasimama sawa kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"We!" Mama Yadi akapiga kelele. "We kaka! Unajaza nini hapo?"

"Upepo, mama. Si umesema nijaze?"

"Sindano yangu iko wapi?"

"Ipo. Hii hapa mfukoni…"

Mkono wake ukaishia kifuani. Kicheko kilibaki usoni, lakini macho yalikuwa yameshakihama.

Inspekta alisogea, akazima pampu.

"Sindano iko mfukoni, na tairi limejaa," alisema. "Nieleze, kaka."

"Kwani… labda ninyi wenyewe mlisahau kuitoa."

"Na hiyo ya mfukoni imetoka wapi?"

"Nitajuaje? Labda ya gari la mtu mwingine. Huyu mama ana magari mangapi hapa? Amechanganya."

"Nimechanganya!" Mama Yadi akafoka. "Mimi? Rudia tena!"

"Mama, tulia kidogo," Inspekta alisema, bila kumwondolea Mkandarasi macho. "Tuseme amechanganya. Tuseme walisahau. Wewe hukuwa unajua hilo, au siyo? Umekabidhiwa sindano, umeambiwa tairi halina. Mtu mwingine yeyote angefanya nini? Angefungua kifuniko, angejaribu kuifunga, ingegoma. Angeshangaa. Angeita, 'Mama, mbona humu kuna nyingine?' Wewe umeitia mfukoni, ukaenda moja kwa moja kwenye pampu. Hukushangaa, kaka. Kilichokuponza ni hicho. Tairi lile ulilijua kabla hujalifungua."

Mkandarasi alilamba midomo. "Hayo ni maneno. Mwambie wakili wangu."

"Nitamwambia."

"Sikutoka humu. Geti lina mlinzi, muulize mlinzi."

Wote wakageuka. Mlinzi alikuwa amesimama katikati ya njia, hajui arudi getini au aje. Uso wake ulikuwa umejaa jasho.

"Afande," alianza. "Aliniambia ni mara moja tu. Apeleke mabomba kwenye kazi yake, arudishe. Mvua zilikuwa zinakuja, akasema mtaro utafukiwa. Mimi sikujua kama…"

"Nyamaza wewe!" Mkandarasi akamrukia kwa sauti. "Mpumbavu! Mabomba gani? Na wewe saruji yangu uliila bure?"

Mama Yadi aliweka mkono mdomoni. Mrefu alikuwa ameshatoa pingu, lakini Inspekta alimzuia kwa kiganja. Kazi ilikuwa na mpangilio wake, na yeye hakutaka kuruka hata ngazi moja.

"Mama Yadi, wewe ni shahidi. Konstebo, wewe pia." Akamgeukia Mkandarasi. "Gari likitolewa kizuizini bila amri, hilo ni kosa jipya, na linakamatwa upya papo hapo. Pikapu hii nimeikamata sasa hivi. Na ikishakamatwa kwa kosa hili, naruhusiwa kuichunguza. Konstebo, tandika turubai."

Alivua koti, akalala chali, akajivuta chini ya bampa ya mbele. Kutoka juu walimwona viatu tu. Tochi ilisogea kushoto, ikarudi kulia, ikasogea tena kushoto, ikatulia. Muda ukapita. Mkandarasi alianza kusema jambo kuhusu jua.

"Nipe mfuko wa vielelezo," sauti ikatoka chini. "Na koleo ndogo."

Alipotoka alikuwa na grisi shavuni. Ndani ya mfuko mwangavu mlikuwa na njiti za ufagio, zimevunjika, zimesokotana na uzi wa kitambaa cha rangi ya machungwa. Wafagia barabara wote wa mji ule huvaa vizibao vya rangi hiyo.

"Zilibanwa kwenye boliti ya bampa," alisema. "Gari uliliosha?"

Mkandarasi alitazama boneti.

"Uliosha juu. Nani anaosha chini?"

Mkandarasi alikaa chini kwenye vumbi, na shati lake lililonyooka, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Nilidhani nimegonga pipa la taka," alisema mwishowe.

"Ulisimama kuangalia?"

Mrefu akamwinua, akamfunga pingu.

Inspekta alimpigia Mkuu. "Kifungu ninacho," alisema. "Na nina zaidi ya kifungu."

Upande wa pili kiti kikalia. "Kupe," Mkuu alisema, "hebu rudi kituoni kabla sijakuita afande mimi."

*

Mambo ya kituoni hayaendi mbio hata kama ukweli umekimbia. Maelezo yaliandikwa, yakasomwa, yakasainiwa. Mlinzi alisema kila alichokijua na mengine ambayo hakuulizwa. Fundi viatu aliitwa, akaonyeshwa pikapu, akasema, "Ndiyo hii, nilisema tangu mwanzo, lakini nani anamsikiliza mtu mwenye gundi vidoleni?"

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea Inspekta alipotokea koridoni. Mke wa dereva wa mikate alikuwa pale pale. Safari hii hakusimama.

"Mumeo anatoka," Inspekta alimwambia.

"Nimeambiwa mengi kwenye benchi hili, dada. Nitasimama nikimwona."

"Haki yako."

"Na yule mama? Ameamka?"

"Hajaamka. Daktari anasema leo ameshika kidole cha binti yake."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea kitu cha thamani asichotaka kukiangusha. Ndipo mlango wa mahabusu ukafunguliwa.

Dereva wa mikate alitoka bila mkanda wala kamba za viatu, ndevu zimemwota ovyo. Alisimama mbele ya benchi asijue aanze na nani. Mkewe akasimama, akamfungua mtoto mgongoni, akampa mikononi bila neno. Mtoto akamtazama mtu yule mwenye ndevu, akamtazama tena, kisha akaangua kilio kilichojaza korido nzima.

Karani akatoa kichwa dirishani. Baba wa watu akaogopa, akaanza kumtikisa mtoto, "Shii, shii, mwanangu." Tangu Jumamosi mama yake alikuwa akimpa ziwa kila akianza kukunja uso, ashibe asishibe, ili mtu asije akasema kelele zimezidi, tokeni.

"Mwache," mwanamke alisema. Akaokota chupa ya uji, akajitandika khanga begani, akamgeukia mtoto. "Lia, baba, lia tu. Leo hatufukuzwi. Tunaondoka wenyewe."